Utepe wa Fundi Cherehani

Mwaka 1984 nilikuwa muuguzi kijana katika kituo cha afya kilicho njiani, kati ya Kasongo na Kabambare, mashariki mwa Kongo. Asubuhi moja ya mvua alifika mama amekaa nyuma ya kinga, maana ndivyo tunavyoita baiskeli kwetu, amempakata mtoto wa miezi mitano. Alikuwa amekiviringisha kikwembe kama kata ya kubebea mtungi, na juu ya kata hiyo kimelazwa kichwa cha mtoto. Kilikuwa kikubwa, ngozi imevutika hadi mishipa inahesabika, na macho yameinama chini, weupe ukionekana juu ya mboni.

"Munganga," akaniuliza, "kichwa hiki kitashuka?"

Jina la ugonjwa nililijua tangu shuleni: kichwa maji. Maji ya ubongo yamezibiwa njia, yanajaa ndani na kuubana ubongo. Cha kumpa sikuwa nacho. Nikamjibu, "Mama, tumwombe Mungu. Urudi mwezi ujao." Hakurudi, nami sikumfuata.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Kasongo ulikuwa mji unaojua kuhesabu watoto. Katika miaka ya 1970 Mradi wa Kasongo, ulioshirikiana na Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, Ubelgiji, uliwafuatilia watoto waliochanjwa surua na wasiochanjwa. Mwaka 1981 matokeo yakachapishwa katika jarida la Lancet, na swali lake lilikuwa zito: mtoto aliyeepushwa na surua anaendelea kuishi, au anachukuliwa na jambo jingine baadaye? Swali kama hilo hatukuwaulizia wenye kichwa maji. Daftari langu halikuwa hata na mstari wao.

Na tiba ilikuwapo duniani. Mwaka 1956, huko Marekani, fundi mitambo John Holter, ambaye mwanawe mwenyewe alikuwa na ugonjwa huo, alibuni vali ya kuyatoa maji kichwani. Baadaye mrija wenye vali, unaopitishwa chini ya ngozi hadi tumboni, ukawa tiba ya kawaida. Lakini mrija huziba, na pengine huingia vijidudu. Mtoto wa Brussels akianza kutapika na kusinzia, anafikishwa kwa mpasuaji siku ileile. Wa Kabambare angefika siku gani, na kwa njia ipi?

Swali hilo alilibeba Daktari Benjamin Warf, Mmarekani aliyefanya kazi katika hospitali ya watoto ya CURE mjini Mbale, Uganda. Kwanza alilinganisha mirija yenyewe: ule wa bei nafuu kutoka India na ule wa ghali. Matokeo hayakutofautiana. Kisha akatafuta njia isiyohitaji mrija. Kwa kamera nyembamba alitoboa tundu kwenye sakafu ya chemba ya tatu ya ubongo ili maji yapite yenyewe, halafu akaunguza tishu inayoyatengeneza. Mwaka 2005 alitoa hesabu yake: kwa watoto wasiotimiza mwaka mmoja, kutoboa peke yake kulifaulu kwa 47 katika kila 100, kutoboa pamoja na kuunguza, kwa 66.

Mwaka 2017 ikatoka hesabu nyingine ya Mbale, ya watoto 100 walioupata ugonjwa baada ya maambukizo. Waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine mrija, wengine tundu pamoja na kuunguza. Baada ya mwaka mmoja, ukuaji wa akili ulikuwa sawa pande zote mbili. Tiba ilishindwa kwa asilimia 35 ya waliotobolewa na asilimia 24 ya waliowekewa mrija, tofauti isiyotosha kumtangaza mshindi. Lakini aliyewekewa mrija anarudi nao kijijini, na siku utakapoziba, hukumu inatolewa na barabara. Ndiyo maana nasema matokeo ya upasuaji huu hayapimwi mlangoni mwa hospitali. Yanapimwa nyumbani kwa mtoto, mwaka baada ya mwaka.

Leo pikipiki zimeichukua nafasi ya kinga, na simu inafika mahali ambapo barua yangu ingechukua wiki. Safari ya kumfuata mpasuaji wa ubongo bado ni ndefu na ya gharama kubwa. Lakini mwanzo wake hauna gharama: ni utepe wa fundi cherehani, uzungushwe kichwani mwa mtoto kila anapopimwa uzito, na namba iandikwe. Mwaka ule wa 1984 fundi alikaa sokoni, hatua chache kutoka mlangoni kwangu, utepe umemning'inia shingoni. Sikuwahi kumwazima.

Muuguzi mwenzangu wa Kasongo, wa Kabambare, ukiona namba inapanda kuliko inavyostahili, andika jina la mtoto, uliza kijiji chake, mwandikie mama barua ya rufaa siku hiyohiyo. Usimwambie arudi mwezi ujao.