Betri ya Muziki
Likizo ya mwaka wangu wa pili chuoni nilimsaidia mjomba katika kibanda chake cha kuchaji betri mjini Nakuru. Dereva mmoja alituletea betri iliyochoshwa na muziki wa matatu, nasi twajua muziki huo! Niliitia maji ya betri, nikaichaji polepole siku mbili ili salfeti iliyogandamana kwenye mabamba ya risasi iyeyuke. Ilipotulia usiku kucha, mita ilisoma volti 12.6. Nikapokea malipo, karo ikinisumbua akilini.

Mjomba aliunganisha taa kubwa ya gari. Dakika haikuisha, volti ziliporomoka hadi 9.

“Mwanangu, betri hupimwa ikibeba mzigo.”

Nilimfuata dereva stejini, noti zake mkononi.