DADA WA TABORA, KITANDA CHA DEKA NA GODORO LA INCHI NANE LILILOLETA BALAA

Wadau, hii imetokea Tabora mjini, mitaa ya Cheyo, na mwenyewe hajali ikisimuliwa ila jina lake lisitajwe. Basi tumuite dada.

Dada ana mume dereva wa lori na watoto wawili wa kiume, mmoja miaka saba, mwingine mitano. Nyumba ya kupanga, vyumba viwili na sebule, maisha ya kawaida tu. Mwaka jana mwezi wa saba dada yake mkubwa, aliyekuwa anaishi Urambo na kulima tumbaku, akafariki. Akaacha mtoto mmoja wa kiume wa miaka tisa. Kikao cha familia hakikuchukua hata saa moja. Mtoto akapandishwa basi na begi lake moja, akaja kwa mama yake mdogo.

Wiki za kwanza alilala sebuleni, godoro chini, chandarua kimefungwa kwenye dirisha upande mmoja na kwenye kabati upande mwingine. Usiku kila anayekwenda chooni anamruka. Asubuhi anaamka wa kwanza, anakunja godoro mwenyewe na kulificha nyuma ya mlango kabla mtu hajamwambia. Mtoto wa miaka tisa! Dada anasema hicho kitendo cha kukunja godoro ndicho kilichomuumiza kuliko msiba wenyewe. Halafu si unajua tena ndugu. Shangazi mmoja alikuja kutoka Sikonge kusalimia, akaliona lile godoro, akasema kwa sauti ya chini ila ya kusikika, "Kumbe mtoto wa marehemu analala chini."

Basi vita ya kitanda ikaanza hapo.

Chumba cha watoto ni kidogo, vitanda viwili havikai. Lazima kitanda cha ghorofa, kile ambacho waliosoma bweni wote wanakiita deka. Dada akaingia Instagram. Huko kuna deka za Dar, nyeupe, zina droo za nguo kwenye ngazi, nyingine zina mteremko wa kuserereka kama kiwanja cha michezo. Bei zake zinaanza na maneno "njoo inbox", na ukishaona hivyo ujue siyo saizi yako.

Akaenda kwa fundi mbao, mzee mmoja wa Ng'ambo ambaye karakana yake iko chini ya mwembe. Tabora kila kitu kizuri kiko chini ya mwembe. Akampa shikamoo, akaeleza shida. Mzee hakuuliza rangi wala mtindo. Aliuliza, "Mwanangu, godoro la juu litakuwa inchi ngapi?"

Dada akacheka. Akamwambia mzee, godoro tutanunua baadaye, wewe nitengenezee kitanda.

Mzee akatikisa kichwa. "Kitanda cha ghorofa huanza na godoro. Nikijua godoro ndiyo najua ukingo uwe mrefu kiasi gani. Na nani atalala juu? Kama ni huyo wa miaka mitano, sitengenezi." Akataja bei. Ilikuwa ya mninga, na mninga wa siku hizi siyo ule wa zamani. Watu wa nje wanadhani Tabora mninga unaota barabarani. Umekatwa sana, vibali siyo mchezo, bei imepanda mpaka mafundi wenyewe wanachanganya na paina ya Sao Hill, Mufindi. Mbao zinasafiri kutoka Iringa kuja Unyamwezini. Kweli dunia imegeuka.

Mzee alikuwa na utani wake pia. Alimwambia dada kwamba babu zao wapagazi walibeba meno ya tembo kutoka hapa mpaka Bagamoyo, miezi mitatu njiani wakilala chini, na hakuna hata mmoja aliyeanguka kitandani. Dada akacheka tena, akaondoka. Hakurudi.

Mume alikuwa na njia yake. Kuna kijana wa kuchomelea anatengeneza deka za chuma kwa karibu nusu ya bei ile, siku tatu unachukua. Wakachukua. Chini futi nne kwa sita, juu futi tatu kwa sita, rangi ya bluu. Na hapa dada mwenyewe anakiri: alisoma bweni miaka minne, akalala juu miaka yote minne kwenye deka isiyokuwa na ukingo hata wa dawa, na hakuanguka. Kwa hiyo swali la mzee aliliona ni la mtu anayetafuta sababu ya kupandisha bei. Wengi wetu tuna huo ugonjwa. Tuliponea chupuchupu, tukadhani ndiyo ushahidi kwamba hakuna hatari.

Tuwe wa haki, kuna vitu walipatia. Wadogo wawili waliwalaza chini, mkubwa juu. Marekani sheria ya vitanda hivi iliyoanza kutumika 2000 inataka kitanda kiwe na onyo kwamba mtoto chini ya miaka sita asilale juu, na mzee wa Ng'ambo alisema kitu hichohicho bila kusoma sheria ya mtu. Baba naye aliona mapema kwamba kitanda kimekaa karibu na pangaboi, mtoto akisimama kule juu mkono unalifikia, akakivuta mpaka ukutani upande wa pili. Hapo alifikiri vizuri.

Usiku wa kwanza yule mtoto alipanda, akakaa kule juu, akatazama chumba chote. Akamwambia mama yake mdogo, "Huku juu ni kwangu peke yangu?" Akajibiwa ndiyo. Toka siku hiyo hakukunja godoro tena. Daftari zake zikahamia juu, shati la shule likahamia juu, picha ya marehemu mama yake ikaingia chini ya mto.

Sasa godoro. Alilopewa mwanzo lilikuwa la inchi nne, lile la sebuleni, limechoka. Mwezi wa tisa dada akapokea mchezo. Akasema huyu mtoto lazima alale vizuri kama wenzake, tena kuliko wenzake. Akanunua godoro la inchi nane, jipya, na mfuko wake wa nailoni. Shangazi wa Sikonge akatumiwa picha WhatsApp, usidhani alisahaulika.

Hebu pigeni hesabu wadau, maana hapa ndipo penye kisa chote. Ukingo wa kile kitanda ulipanda inchi kumi kutoka kwenye chaga. Godoro la inchi nne likiwa juu, ukingo unabaki inchi sita. Mtoto akijigeuza anagonga chuma, anarudi. Weka godoro la inchi nane, ukingo unabaki inchi mbili. Inchi mbili ni mpaka wa kuchora tu. Ile sheria ya Marekani inataka ukingo uzidi uso wa godoro kwa inchi tano angalau. Ulaya wanataka zaidi, sentimita 16. Hakuna aliyebadilisha kitanda. Kilichobadilika ni godoro, na lilibadilishwa kwa mapenzi.

Alianguka usiku wa Jumapili. Hakuna mtu mzima aliyesikia. Baba alikuwa safarini, dada chumba cha pili, mvua inapiga bati.

Jumatatu mtoto akaenda shule. Jumanne akaenda shule. Jumatano jioni dada anamwambia avue shati lifuliwe, mtoto anavua kwa mkono mmoja, mwingine haunyanyuki. Anaulizwa, anasema alicheza mpira. Yule mdogo wa miaka mitano akadakia, "Kaka alianguka usiku. Alisema nisiseme."

Hospitali wakapiga picha. Mtulinga umevunjika. Siku tatu mtoto amebeba begi la shule kwa bega la pili, anaandika, anachota maji, kimya.

Njiani kurudi, juu ya bodaboda, dada akamuuliza kwa nini hakusema. Mtoto akajibu, "Mngekiuza kitanda."

Dada anasema alimuomba bodaboda asimame. Alishuka akakaa pembeni ya barabara kidogo, mtoto amesimama na mkono umefungwa kwa kitambaa, bodaboda anaangalia simu yake kwa adabu.

Baba aliporudi alitaka kitanda kitoke siku hiyohiyo. Atakipiga picha, atakitupia kwenye kundi la kuuza na kununua, kitaondoka kabla ya Ijumaa. Hapo wakagombana kwelikweli. Dada hoja yake ya kwanza ilikuwa rahisi: tukiuza, mtoto atajua alikuwa sahihi, kwamba ukisema unaumwa unanyang'anywa. Hoja ya pili ilimchukua baba muda kuielewa. Atakayenunua naye ana watoto. Utamwambia kwamba kimeshamwangusha mtoto, au utaandika "kipo kwenye hali nzuri, sababu ya kuuza nahama"? Baba akanyamaza. Wangapi tumeandika hiyo "nahama"?

Akarudi Ng'ambo kwa mzee, aibu imemjaa. Mzee hakumsimanga. Alikuja mwenyewe na baiskeli, futi kamba mfukoni, akakiangalia kile kitanda dakika nyingi. Akakitikisa. Akalala chini chali, akatazama chaga za juu, akasema kitu ambacho hakuna aliyekiona: chaga zimeegeshwa tu juu ya ukingo wa chuma, hazijafungwa. Mtu mzima akipanda kutandika, zikasogea, zinashuka na godoro lake juu ya watoto wawili waliolala chini. Akaonyesha na upande wa ukutani. Hakukuwa na ukingo kabisa, watu walidhani ukuta unatosha. Lakini kitanda cha chuma kwenye sakafu ya sementi kinatembea. Nafasi ikifunguka kati ya godoro na ukuta, mtoto anateleza, mwili unapita, kichwa kinakwama. Hiyo ndiyo inayoua, mzee alisema. Kuanguka huvunja, kukwama huua.

Hakuwauzia kitanda kipya, na hapo ndipo dada alipoelewa kwamba mara ya kwanza hakuwa anapandisha bei. Alitoboa chuma akafunga mbao za mninga kwa boliti na nati pande zote nne za juu, akaacha mlango mdogo wa ngazi tu. Kati ya ubao na ubao alipitisha ngumi yake, ikipita anasogeza. Vichwa vya boliti akavizamisha ndani ya mbao, visichane mtu wala neti. Chaga zote skrubu. Miguu akaivisha mpira wa tairi. Vyandarua, maana Tabora na mbu hatudanganyani, kile cha juu akakining'iniza darini na cha chini akakifunga kwa vitanzi vifupi pembe nne, akakataza kamba ndefu yoyote kuning'inia karibu na shingo ya mtoto. Godoro la inchi nane likashuka chini kwa wadogo, wakashangilia. La inchi nne likarudi juu na foronya mpya.

Kabla hajapokea hela, alimwambia baba apande. Baba na mwili wake wa lori akapanda ngazi, akalala kule juu, akajigeuza kushoto, akajigeuza kulia. Watoto walicheka mpaka machozi. Kitanda hakikulia.

Ila shida haikuishia kwa fundi. Wiki zile za mkono kufungwa, mtoto alilazwa na mama yake mdogo chumba kikubwa, baba akawa analala sebuleni kwenye godoro la wageni, analikunja asubuhi. Yule wa miaka saba akaona nafasi. Akaanza kuulizia kwamba sasa juu ni zamu yake, ameshatimiza umri, na kaka kule alianguka. Umri kweli ulikuwa unamruhusu. Dada akakataa bila kutoa sababu, na yule mtoto akanuna siku mbili. Kumpa mmoja ni kumnyima mwingine, na huyu wa pili ni wa kumzaa. Amesema atakapofika miaka tisa watazungumza. Hajui kama alitenda haki.

Mwezi wa kumi na moja kitambaa kikatolewa. Maembe yalikuwa yameanza kuanguka usiku juu ya bati, kila likidondoka dada anashtuka. Siku hiyo mtoto alikula, akapiga mswaki, akasimama mlangoni mwa chumba cha watoto.

"Mama mdogo, naruhusiwa kurudi juu?"

Akamwambia panda.

Akapanda taratibu, mkono mmoja bado hauamini. Akapapasa ubao wa mninga, akapapasa upande wa ukutani, akaingiza mkono chini ya mto. Picha ilikuwepo. Dada akazima taa, akaenda kulala, na hakulala. Saa saba usiku embe likaanguka juu ya bati kwa kishindo, akakurupuka mpaka mlangoni mwao na tochi ya simu. Wadogo wamelala. Akainua tochi. Kutoka juu, sauti ya usingizi ikasema, "Ni embe, mama."