Pumzi ya Little Walter

Kinanda cha mdomo ni chombo duni kwa macho: huenea kiganjani, hununuliwa kwa fedha kidogo, na wengi hukidhania mchezo wa watoto. Marion Walter Jacobs, aliyeitwa Little Walter, alikipa heshima kubwa.

Alizaliwa Marksville, Louisiana, mwaka 1930. Angali kijana alihamia Chicago, kama walivyohama Wamarekani Weusi wengi wa kusini waliotafuta riziki. Huko muziki wa bluzi ulikuwa umekwisha kutiwa umeme. Magitaa yalinguruma, na kinanda kidogo kilizama. Walter hakushindana na ngurumo ile kwa nguvu za mapafu. Alikumbatia mikrofoni na kinanda pamoja viganjani. Wengine walitangulia kufanya hivyo ili wasikike; yeye aliufanya umeme uwe sehemu ya ala yenyewe, na sauti ikatoka nene, yenye kilio na fahari. Mwaka 1952 alirekodi "Juke", muziki usio na maneno, ukashika nafasi ya kwanza wiki nane katika orodha ya Billboard ya ridhimu na bluzi.

Ole, aliyeitawala pumzi katika muziki hakuitunza maishani. Ulevi na ugomvi vilimwandama, na Februari 1968, baada ya kupigana, alifariki akiwa na miaka 37. Kamba hukatikia pembamba. Lakini kila apulizaye kinanda mbele ya mikrofoni leo huanzia pale alipokomea Walter. Mwili ulikwisha mapema. Pumzi ingali inavuma.