Nishani na Reli

Nilikuwa askari wa kudumu kabla vita havijaanza, koplo katika batalioni ya rejimenti ya Uingereza ya East Surrey iliyokuwa Malaya. Wajapani walipotusukuma kusini, tulipoteza watu wengi hata tukaunganishwa na wenzetu wa rejimenti ya Leicestershire tukawa batalioni moja, nasi tukapigana Kampar mwaka 1942 ulipokuwa unaingia. Tarehe 15 Februari Singapore ilisalimu amri. Sote tukawa mateka.

Kutoka kambi ya mateka ya Changi, Singapore, tulipelekwa Thailand kujenga reli ya kilomita 415 hadi Burma. Mimi nilifanya kazi Wang Pho, ambako reli hupita juu ya daraja la magogo lililoegemea jabali, chini yake Mto Kwai Noi. Chakula kilikuwa wali na mchuzi mwembamba. Mvua za 1943 ziliposhika, kipindupindu kiliingia kambini. Madaktari wetu, nao wakiwa mateka wasio na dawa, walishikilia amri moja: mtu asinywe maji yasiyochemshwa, na kila kibati cha chakula kitumbukizwe katika maji yanayotokota kabla ya kupakuliwa. Amri hiyo ndiyo iliyonivusha. Hata hivyo, kati ya mateka wapatao 60,000 walioijenga reli, zaidi ya 12,000 walikufa. Vibarua Watamil, Waburma, Wamalay na Wajava walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi bila daktari hata mmoja wa kuwatazama.

Baada ya vita nilibaki jeshini, nikapata uofisa, kisha nikaazimwa kwa jeshi la King's African Rifles (KAR), Afrika Mashariki. Huko ndiko nilikojifunza Kiswahili. Mwaka 1952 nilirudi Malaya kupigana na waasi, pamoja na askari wa Kenya wa batalioni ya 3 ya KAR. Msituni sajini wangu aliniambia, “Effendi, maji haya yanatoka mlimani, ni safi.” Nikamjibu, “Yachemshwe.” Jioni nilimsimulia habari za Wang Pho. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyesimamia maji ya kikosi, na hakumwachia mtu mwingine kazi hiyo.

Kwa vita vikuu nilipewa Nyota ya 1939–45, Nyota ya Pasifiki na Nishani ya Vita. Kwa Malaya nilipewa Nishani ya Utumishi, yenye utepe wa zambarau na kijani, na jina langu limechongwa ukingoni. Vijana huniuliza ipi ni ya utekani. Hakuna. Nyota ya Pasifiki niliipata kwa miezi miwili ya mapigano. Miaka iliyofuata haikuongeza kitu. Sina kinyongo na hilo, maana wenzangu waliokufa kambini walistahili Nyota ileile; haina jina la mtu, nayo ni yao kama ilivyo yangu.

Ila vibarua hawakupewa nishani yoyote. Walitandika mataruma yaleyale, wakafa kwa kipindupindu kilekile. Kwa hiyo namwomba kila atakayeisimulia reli ile asiishie kwetu sisi askari. Awahesabu na wao, na awahesabu kwanza, kwa kuwa ndio waliokufa wengi zaidi.