Nyuzi mia ni za Mombasa

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mimi nilijitia mjuzi, nikakaribia kumtia binti yangu hasara ya miaka minne ya shule ya upili.

Marehemu baba alituachia Datsun 120Y, gari ambalo majirani hapa Umoja hulitambua kwa sauti kabla halijafika langoni. Feni yake ilikuwa ya mkanda, ile izungushwayo na injini yenyewe. Barabara ikiwa wazi, halikuwa na neno. Lakini katika msongamano wa Barabara ya Jogoo injini hunguruma polepole, feni nayo huzunguka kivivu, wala hakuna upepo wa kuingia kwenye rejeta. Kila tukikaribia City Stadium, mshale wa joto ulipanda.

Nikaenda Barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee bado huiita Grogan, nikanunua feni ya umeme pamoja na kidude cha kuchagulia joto la kuiwasha. Joto likishuka nyuzi chache, kidude huizima. Fundi akaniuliza, "Niweke ngapi?"

"Weka sabini," nikamjibu. "Ikiwaka mapema ndiyo salama."

Salama gani! Themostati ni kilango kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta kabla injini haijapata moto. Yetu hufunguka kwa nyuzi 82, na injini ikishapata moto haishuki chini ya hapo. Basi feni ya 70 ingezima lini? Ilizunguka safari nzima, na kwa kuwa iliungwa moja kwa moja kwenye betri, iliendelea hata nikishaegesha.

Asubuhi ya mtihani wa Kemia wa KCSE, betri yetu kuukuu ilikuwa imekufa. Majirani walisukuma gari hadi jasho likawatoka. Binti akakimbilia matatu huku analia, akaingia chumba cha mtihani zikiwa zimebaki dakika chache. Jioni mama watoto hakusema mengi: "Baba watoto, gari hili liuzwe."

Kwa hasira nikazungusha kidude hadi 100. Siku mbili baadaye maji yalichemka na kumwagika karibu na Makadara, feni ikiwa haijazunguka hata mara moja.

Ndipo nikamwendea mzee mmoja, fundi wa jua kali kule Kariobangi. Hakuligusa gari. "Kijana wangu," akasema, "nenda uchemshe maji kwenye sufuria, utie kipimajoto, kisha uniambie yamechemka kwa nyuzi ngapi."

Nilidhani ananichezea, lakini nikatii. Maji yalitokota, mvuke ukajaa jikoni, kipimajoto kikakwama kwenye 94. Nikasema kimeharibika. Binti akacheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya mtihani. "Baba, Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Huku hewa ni nyepesi. Nyuzi mia ni za Mombasa."

Mzee akamalizia somo. Kifuniko kizima cha rejeta hubana maji, yakaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Mpira wa changu ulikuwa umechakaa, na ndani mlikuwa na maji matupu ya mfereji. Yalichemka kabla feni haijapata amri.

Kanuni yake ni hii: feni iwake kama nyuzi kumi juu ya pale themostati inapofungukia, na izime ikiwa bado juu yake kidogo. Kwetu ilikuwa kuwaka 92 na kuzima 86. Akabadilisha kifuniko, akatia kulanti, akaiunga feni kwenye swichi ya ufunguo. Nilipomwambia kwamba fundi mwingine alitaka kuitoa themostati kabisa, alitikisa kichwa: injini isiyopata moto wake hunywa petroli na kuchakaa haraka.

Gari halikuuzwa. Mama watoto ametia tone la rangi ya kucha, nyekundu, kwenye namba 92, na amekataza mtu yeyote kukigusa kidude kile, hasa mimi.

Nawe msomaji mwenye gari la zamani, jua kwanza themostati yako hufunguka kwa nyuzi ngapi, na ukague kifuniko chako. Ila usikifungue injini ikiwa na moto, maana maji yale huchuna ngozi.