Wazazi Ndani ya Tangi la Kioo

Hapana ahukumuye upesi kama mtu atazamaye nyumba ya mwenziwe kwa dirishani. Yeye yu nje. Hofu ya waliomo haimfikii, wala haimgusi njaa yao. Lakini huona, na kwa kuwa huona hudhani kuwa anajua. Mtu mmoja wa Dar es Salaam alijifunza jambo hili kwa samaki-malaika aliowafuga nyumbani mwake, katika tangi la kioo.

Samaki-malaika ni mgeni wa mbali. Asili yake ni Amerika ya Kusini, katika mto Amazon na mito mingine ya upande ule, ambako hukaa penye maji ya polepole baina ya mizizi na majani. Ni mwembamba kama sahani iliyosimamishwa wima. Ana mapezi marefu juu na chini mfano wa mabawa, na milia myeusi ubavuni humficha kati ya mimea. Walakini ukoo wake si mgeni kwetu. Yeye ni wa jamii moja na sato na furu wa Ziwa Viktoria, ambao mama zao huatamia mayai kinywani, wakavumilia njaa siku nyingi ili wasiyameze. Sifa ya jamii hiyo ni malezi.

Mtu huyo alianza na samaki sita wadogo, maana dume na jike ni vigumu kutambulikana kwa sura, na wao wenyewe ndio wachaguanao. Baada ya miezi kumi hivi, wawili walijitenga pembeni wakawafukuza wenzao. Akawapa tangi lao peke yao. Maji ya kisima chake yalikuwa magumu, na samaki hawa hupenda maji laini; basi alikinga mvua ya masika akayachanganya. Joto la mji lilitosha. Ndani ya tangi alisimamisha kigae kirefu, akangoja.

Siku moja aliwaona wakikisafisha kigae kwa vinywa vyao, ingawa hakikuwa na uchafu. Alasiri jike alipanda taratibu juu yake, akipanga mayai mstari kwa mstari kama mtunga shanga. Dume akafuata nyuma akiyarutubisha. Yalipata mia tatu au zaidi. Furaha ilikuwa ya usiku mmoja. Kulipokucha kigae kilikuwa kitupu. Majuma mawili baadaye walitaga tena, na mambo yakawa yale yale. Mtu yule akawaita wauaji.

Mara ya tatu hakuwangoja. Alikitoa kigae pamoja na mayai, akakitia katika tangi dogo lenye maji yale yale, akaweka pampu ya hewa ili mapovu yafanye kazi ya mapezi ya mama, akadondosha dawa ya buluu izuiayo ukungu. Siku ya tatu mikia ilionekana ikitikisika. Vitoto vilining'inia kwa uzi wa kunata utokao kichwani, vikila kiini cha yai vilichozaliwa nacho, hata baada ya siku tano hivi vikaanza kuogelea. Ndipo alipovilisha vijidudu wa jamii ya kamba, walioanguliwa siku iyo hiyo katika maji ya chumvi. Alivibadilishia maji kila siku. Vilipona karibu mia mbili, akauza vingi. Kwa hesabu alikuwa amefaulu, akafanya hivyo mara ya nne na ya tano.

Mkewe ndiye aliyeona jambo lisilokuwamo katika hesabu. Kila kigae kilipotolewa, wale wawili walizunguka mahali pake siku nzima, na mtu akitia mkono majini walimrukia.

“Bwana, mbona wauaji wako wanatafuta?” aliuliza.

“Wanatafuta chakula, mke wangu.”

“Na zile siku mbili za kwanza, nani aliyekuwa akiamka usiku kuwamulika kwa kurunzi?”

Mume hakujibu, kwa sababu ilikuwa kweli. Aliamka mara nne kila usiku kuyahesabu mayai. Mwanga wa ghafula na kivuli kinachopita kiooni, kwa samaki, ni adui aliyekuja. Wazazi wageni wa kazi yao, wakitishwa, mara nyingi hula mayai. Na kilicholiwa humrudia mama mwilini kikawa nguvu ya kutagia tena. Alichokiita ukatili kilikuwa hofu, na hofu ile ilitoka mkononi mwake.

Mara ya sita alikiacha kigae mahali pake. Alitundika kanga mbele ya kioo, akawasha taa ndogo ya usiku kucha ili wazazi waone. Mchana alichungulia kwa upenuni. Walipokezana kuyapepea mayai, wakayadonoa na kuyatoa yaliyogeuka meupe. Mikia ilipotikisika, waliwachukua watoto kinywani wakawahamishia kwenye jani. Aliyeanguka alifuatwa chini, akarudishwa. Vilipoogelea, kundi zima liliwazunguka wazazi kama vifaranga. Mwisho vilibaki kama sitini. Mfanyabiashara angesema ni hasara, wala asingekosea: tangi dogo lilikuwa limempa zaidi ya mara tatu ya hao. Lakini tangi dogo halikuwahi kumwonyesha mama akimtema mwanawe jani juu kwa utaratibu ule.

Miezi miwili baadaye wazazi wale wale walitaga, wakala mayai yao yote, na safari hii hapana aliyewamulika. Mtu yule alisimama mbele ya kigae kitupu kwa muda. Hakuwaita wauaji. Alishusha kanga juu ya kioo, akaenda zake kungoja.