Gari la Nyanda za Juu Lioshwe Lini?

Nikipiga simu nyumbani na mazungumzo yakaingia kwenye magari, ndugu zangu wa Iringa na Mbeya, Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, huniuliza swali lile lile: huko Marekani watu hupeleka magari kwenye usafi wa kina mara ngapi kwa mwaka? Naishi Minneapolis, jimbo la Minnesota, na jibu la huku ni fupi: mara mbili, kabla ya theluji na baada ya theluji. Lakini jibu hilo halifai kupelekwa Ipogolo ya Iringa au Mwanjelwa ya Mbeya kama lilivyo. Kinacholiharibu gari Minnesota sicho kinachoharibu gari Iringa.

Kwanza tuelewane. Kuosha gari ni kuondoa uchafu wa wiki. Usafi wa kina ni kazi ya nusu siku au zaidi: rangi husafishwa mpaka ikiguswa iwe laini, hupigwa polishi na kupakwa nta ya kuikinga, siti na zulia huoshwa na kukaushwa, na fundi huingia hadi chini ya gari na ndani ya matao ya matairi. Nyumbani tunaosha sana, kuliko hata watu wa huku. Tunachofanya kwa nadra ni hiyo kazi ya pili, na tukiifanya huwa tunalitayarisha gari kwa harusi au kwa mnunuzi. Naamini tunapoteza fedha nyingi hapo.

Huku adui ni chumvi

Minnesota theluji inaweza kuanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Maji hayo ya chumvi hurushwa na matairi, yakajibanza kwenye chasi, kwenye mabomba ya breki na kwenye kingo za chini za milango. Kutu huanzia huko, mahali ambapo mwenye gari haoni, na huenda mbio zaidi siku joto linapopanda kidogo kuliko siku za baridi kali.

Kwa hiyo kuosha gari wakati wa baridi huku hakuhusu urembo. Watu hupitisha gari kwenye mashine kila baada ya wiki moja au mbili, wakisubiri siku ambayo joto limevuka nyuzi sifuri, kwa maana maji yakiganda kwenye vitasa milango haifunguki. Wengi hulipia kwa mwezi na kuosha watakavyo. Kinachotafutwa zaidi kwenye mashine hizo ni yale maji yanayopigwa kwa nguvu chini ya gari. Kisha Oktoba gari hupakwa nta kabla ya theluji, na Aprili huoshwa ndani na chini ili chumvi yote iliyoingia kwa viatu na matairi iondoke.

Nyumbani maadui ni watatu

Barabara zetu hazimwagiwi chumvi, na hiyo ni neema kubwa. Lakini Nyanda za Juu Kusini zina vumbi, jua na tope, na kila kimoja kina namna yake ya kula gari.

Vumbi hutawala kuanzia Juni hadi Oktoba. Anayekwenda Hifadhi ya Ruaha kwa njia ya Iringa–Msembe, kilomita 104 ambazo kwa miaka mingi zimekuwa za vumbi, anajua gari linavyofika likiwa jekundu ndani na nje. Mbeya nako, kazi ya kupanua barabara kuu kuwa njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29, imewalisha vumbi hata wasiotoka mjini. Ndani ya vumbi hilo mna chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko rangi ya gari. Tabaka la juu la rangi, lile linalong'aa, ni jembamba kuliko unywele wa binadamu. Dereva anayeamka asubuhi na kulifuta boneti kwa kitambaa kikavu anazisugua chembe hizo juu ya tabaka hilo. Baada ya miaka miwili utaiona michirizi ya mviringo kila jua linapopiga, na rangi nyeusi imekuwa kijivu.

Jua letu nalo tunalidharau kwa sababu hewa ni ya baridi. Jiji la Mbeya liko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na Iringa iko chini kidogo ya hapo. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kila ukipanda mita 1,000, miale ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10. Kwa hiyo gari lililoegeshwa Gangilonga, Iringa, mwezi wa Septemba, mbingu zikiwa hazina wingu, linapigwa na miale mikali kuliko gari la Dar es Salaam chini ya anga kama hiyo, hata kama mwenyewe amevaa sweta. Taa za mbele zinageuka njano, dashibodi inapasuka, na rangi ya paa inachoka kabla ya rangi ya milango.

Tope huja na mvua, Novemba hadi Aprili. Wilaya ya Rungwe, mkoani Mbeya, ni miongoni mwa maeneo yenye mvua nyingi kabisa nchini. Mji wake wa Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Tope la huko hujaa kwenye matao ya matairi na juu ya chasi, likashika unyevu kwa wiki nzima. Chuma kinacholala na unyevu hushika kutu hata bila chumvi. Ukielekea Mafinga, kwenye misitu ya Sao Hill, ongeza utomvu wa miti ya paina, ambao ukikaa juani siku kadhaa huing'ang'ania rangi.

Jambo jingine linalotuunganisha na nchi za theluji: magari yetu mengi ni mitumba ya Japani, na baadhi yake yalitumika mikoa kama Hokkaido, ambako barabara humwagiwa dawa za kuyeyusha barafu, chumvi ikiwemo. Kwa hiyo gari linaweza kufika Iringa likiwa tayari na kutu ya chumvi chini, huku bodi inang'aa kwa polishi ya muuzaji. Ukinunua gari, kazi ya kwanza kabla ya manukato ya gari na vifuniko vya siti ni kulipandisha juu, kulisafisha chini na kulikagua.

Mara mbili, kwa kalenda yetu

Kwa gari la mjini linalopita zaidi kwenye lami, usafi wa kina mara mbili kwa mwaka unatosha. Tarehe zake tusiazime Minnesota. Mvua zetu zimekwisha kutupangia.

Mara ya kwanza iwe Mei, mvua zikishakatika. Kazi kubwa iwe chini: tope litolewe kwenye matao, kwenye chasi na kwenye matundu madogo ya kutolea maji yaliyo chini ya milango, ambayo yakiziba mlango huoza kwa ndani. Palipoanza kutu pakwanguliwe na kupigwa rangi ya kuzuia kutu. Kisha bodi isafishwe na kupakwa nta, kwa kuwa mbele kuna miezi mitano au sita ya jua na vumbi.

Mara ya pili iwe Oktoba, kabla mvua hazijaanza. Hapa kazi kubwa ni ndani. Vumbi la kiangazi limejaa kwenye siti, kwenye zulia na kwenye chujio la hewa ya ndani, kile kidubwasha ambacho wengi hawajui kama kipo. Oktoba jua ni kali na hewa kavu, siti zikioshwa asubuhi jioni zimekauka. Ukiosha zulia mwezi wa Januari pale Uyole, Mbeya, au Julai pale Makambako penye baridi na ukungu, litabaki na unyevu, nalo litaota ukungu na kunuka. Oktoba hiyo hiyo badilisha mipira ya waipa iliyokaushwa na jua, safisha vioo, na paka nta upya.

Anayekwenda mara kwa mara mashambani Kilolo, Usangu au Chunya aongeze mara ya tatu, Agosti, kwa ajili ya ndani na machujio. Gari linalolala chini ya paa na kutembea kilomita chache kwa wiki linaweza kuridhika na mara moja.

Kati ya hapo, osha kwa utaratibu

Mjomba wangu hubeba abiria kati ya Mbeya na Tukuyu, naye huosha gari kila jioni. Nilipomwambia, "Shikamoo Mjomba, huku tunaosha mara moja kwa wiki," alinijibu, "Marahaba. Abiria wangu hapandi gari chafu, mwanangu." Ana haki. Gari la biashara lioshwe kila siku likihitaji, ila namna ya kuosha ndiyo inayoamua kama unalitunza au unalimaliza.

Maji yatangulie kitambaa: vumbi limwagiwe maji mengi kwanza, lidondoke lenyewe. Ziwepo ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia kitambaa, ili mchanga uliotolewa mlangoni usirudishwe kwenye boneti. Kipande cha godoro kilichokwisha kuanguka chini kisiguse rangi tena. Sabuni ya unga ya kufulia huondoa nta. Itumike sabuni ya gari, na kama haipatikani, sabuni laini ya maji kidogo sana. Matairi yaoshwe mwisho, kwa kitambaa chake.

Kuna jambo la usalama pia. Gari lililotoka kuteremka mlima Kitonga likafika Ruaha Mbuyuni, au lililoshuka Mlima Nyoka na Inyala, lina breki za moto sana. Maji ya baridi yakimwagwa pale pale, diski zinaweza kupinda au kupasuka. Mwenye gari anywe chai kwanza, breki zipoe. Na mashine ya maji yenye nguvu isielekezwe kwenye injini. Magari ya sasa yana vifaa vya umeme humo visivyotaka maji.

Maji tunayooshea

Huku mashine nyingi huchuja maji na kuyatumia tena, na maji machafu huenda kwenye mfumo wa majitaka. Lakini chumvi ya barabarani huishia mitoni na maziwani, na mamlaka ya mazingira ya Minnesota huwakumbusha wananchi kwamba kijiko kimoja cha chai cha chumvi kinatosha kuchafua kwa kudumu lita 19 hivi za maji.

Nyumbani bado tunao wanaoteremsha magari hadi mtoni. Ruaha Mdogo unaopita Iringa ndio unaowapa watu wa mji maji ya kunywa, na huenda kuungana na Ruaha Mkuu kabla ya bwawa la Mtera, linalozalisha umeme. Ruaha Mkuu wenyewe, tangu mwaka 1993, umekuwa ukikauka ndani ya Hifadhi ya Ruaha wakati wa kiangazi. Mto uliochoka kiasi hicho haustahili kuongezewa oili na sabuni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inataka shughuli za kudumu za kibinadamu zikae mita 60 kutoka kwenye mto. Sehemu ya kuoshea magari ni shughuli ya namna hiyo. Iwekwe mbali na mto, iwe na sakafu ya zege, na shimo la kunasa oili na mchanga kabla maji hayajatoka.

Vijana wanaoosha magari Mwanjelwa ya Mbeya na Mlandege ya Iringa wanaijua kazi, na wengi wana mikono mizuri kuliko mashine za huku. Wanachokosa ni vifaa na mteja anayelipia kazi ya nusu siku bei ya nusu siku. Ndugu zangu mlioko nje, mkirudi likizo wekeni mzigoni vitambaa vya maikrofaiba na chupa ya nta, muwaachie. Wenye magari nyumbani, wapeni kazi ya Mei na ya Oktoba kwa ahadi ya mapema, ili nao waweze kununua pampu na kufundishana.

Na kama mfuko unaruhusu kazi moja tu kwa mwaka, ifanye Mei: toa tope chini, paka nta juu, kabla ya vumbi na jua la Nyanda za Juu.